Viazi Bila Chumvi

Mshale wa mizani ulizunguka mpaka mwisho, ukagota, ukabaki hapo ukitetemeka. Muuguzi aliinama kuusoma, akagonga kioo kwa ukucha, kisha akamtazama mwanamke aliyesimama juu yake.

"Shuka, mama. Hii haikuwezi."

Korido ilikuwa imejaa watu waliokuwa wakisubiri majina yao, na wote walisikia. Mwanamke alishuka huku anacheka. Alikuwa na tabia hiyo tangu utotoni, ya kucheka kabla wengine hawajaanza. Muuguzi akamtangulia, wakapita chumba cha kufulia mashuka na jikoni, wakaingia stoo ambako kulikuwa na mizani ya kupimia magunia. Mtunza stoo alikuwa anapanga makopo na hakugeuka.

"Unga au maharage?"

"Mtu," muuguzi alijibu.

Mtunza stoo akageuka. Alitaka kucheka, akaona haya, akaishia kukohoa.

"Usijali, kaka," mwanamke alimwambia, akipanda juu ya bamba la chuma. "Andika unga tu. Mimi napika keki, hujakosea sana."

Watu walimwita Bonge. Jina hilo alipewa na mdogo wake wa kiume wakati mtoto huyo bado hajui kutamka vizuri majina ya watu, likamganda kama lami. Kazini walimwita hivyo, mtaani walimwita hivyo, na mumewe, fundi wa majokofu, alimwita Bonge wangu hata mbele ya wakwe. Halikuwahi kumuuma. Liliuma siku hiyo, aliporudi ofisini kwa daktari wa figo na kuambiwa, kwa upole kabisa, kwamba damu yake na ya mdogo wake zimepatana, kwamba figo zake zote mbili ni nzima, na kwamba pamoja na hayo yote hakuna daktari atakayekubali kumpasua amtoe figo moja akiwa na uzito ule.

"Nipungue kiasi gani?"

"Kilo ishirini na tano. Lakini polepole, kwa utaratibu. Muone mtaalamu wa lishe, chumba cha mwisho, mkono wa kushoto."

"Polepole mpaka lini, daktari? Mdogo wangu ataningoja?"

Daktari alizungusha kalamu mezani. "Mashine inamsaidia. Ila mashine si figo."

Nje ya chumba cha mwisho watu walikuwa wamekaa hadi sakafuni, na mlango ulikuwa bado umefungwa. Bonge alisimama nao kidogo. Akakumbuka keki ya harusi inayomsubiri, akaondoka.

*

Bibi harusi alikuja mwenyewe bekari kuitazama keki yake. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na alipokuwa anazunguka meza alimwona Bonge akishika kiuno na kuhema baada ya kuinua trei.

"Dada, usiniudhikie," akasema. "Mwaka jana mimi nilikuwa kama wewe. Tazama."

Akamwonyesha picha kwenye simu. Bonge aliikodolea macho. Ni uso uleule, lakini uliozama kwenye mashavu.

"Ulifanya nini?"

"Viazi."

"Viazi na nini?"

"Viazi na viazi. Asubuhi, mchana, jioni. Vya kuchemsha, bila mafuta, bila chumvi, bila kitu chochote. Kula mpaka ushibe, hakuna anayekukataza. Siri yake ni kwamba vinakuchosha. Ukishachoka navyo, mdomo wenyewe unafunga." Akacheka. "Siku za mwanzo nililia. Nakwambia ukweli, nilivililia vitunguu kama mtu aliyefiwa."

Bonge alirudi kupamba maua ya krimu kwenye keki, lakini akili ilikuwa imeshaondoka. Polepole, daktari alisema. Huyu msichana hakusema polepole.

Jioni hiyo mumewe alishusha gunia la viazi kutoka kwenye gari lake la kubebea majokofu, akaliburuta mpaka jikoni, akakaa juu yake kupumzika.

"Tumefungua duka?"

"Ni chakula changu."

"Chote hiki?"

"Ndicho peke yake."

Fundi alimtazama mkewe kwa muda. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyezoea kusikiliza injini kabla ya kusema imeharibika wapi. "Kwa ajili ya Kipa," akasema.

"Kwa ajili ya Kipa."

*

Mdogo wake aliitwa Kipa kwa sababu alikuwa kipa, na kipa hodari, mpaka pale miguu ilipoanza kuvimba na mkojo kupungua mpaka ukakatika. Sasa alikuwa analala kwenye sebule ya dada yake, nyuma ya pazia, na maisha yake yalizunguka siku za kwenda hospitali kusafishwa damu. Maji alipimiwa kwa kikombe kidogo. Chakula alipangiwa. Ndizi alikatazwa, nyanya alikatazwa, na kilichomuuma kuliko vyote, alikatazwa viazi. Waliambiwa viazi vina madini ambayo figo nzima huyatoa bila taabu. Kwa mtu asiye na figo yanajaa kwenye damu mpaka yanausimamisha moyo.

Alipoliona gunia alishika mlango, akacheka mpaka akakaa chini.

"Dunia nzima ina vyakula, dada. Umekosa kingine ukachagua mchumba wangu?"

Bonge hakuwa amewaza hilo. Alisimama na sufuria mkononi, uso umemshuka. "Basi naacha. Nitatafuta njia nyingine."

"Usiache." Kipa alikuwa bado anatabasamu, ila macho yalikuwa kwenye gunia. "Wewe kula. Mimi nitanusa."

Ikawa hivyo. Kila jioni Bonge alichemsha viazi vyake, na Kipa akavuta kiti hadi mlango wa jikoni, ambako mvuke ulikuwa unamfikia. Fundi, ambaye hakuwa na ugonjwa wala mpango wowote, alikula nyama yake uani, amesimama nyuma ya majokofu mabovu ya wateja, ili harufu isimfikie mkewe. Lakini harufu ilimfikia. Alijua hata kama vitunguu vimeungua kidogo.

"Leo unatamani nini?" Kipa alimuuliza. Ulikuwa mchezo wao.

"Mkate wa moto. Ule upande wa chini ulioungua, unaupaka siagi inayeyuka, inakutiririka hadi kwenye kiwiko." Bonge alimeza mate, akauma kiazi. Kilikuwa hakina ladha yoyote. "Wewe?"

"Glasi ya maji. Siyo kunywa kidogo kidogo. Glasi ndefu, ya baridi, naimaliza bila kupumua, halafu namwambia mtu aongeze."

"Na kingine?"

"Ukicheka sikuambii."

"Sicheki."

"Natamani kukojoa, dada." Akainua mkono kabla hajajibiwa. "Umesema hucheki."

"Sicheki."

"Kusimama tu ukutani kama wanaume wenzangu, nikapiga mluzi. Shemeji akienda chooni mimi namsikia huko, namwonea wivu. Unaweza kuamini? Wivu wa mkojo."

Bonge hakucheka. Alikula kiazi kingine, harakaharaka, kama mtu anayemeza dawa.

*

Mwili ulianza kupungua. Kwanza pete ikazunguka kidoleni, kisha gauni la kazini likawa linamvuka mabegani. Mtaani watu waliomzoea walimsimamisha. "Bonge, unaumwa?" Wengine waliuliza kwa huruma, wengine kwa hamu ya kupata cha kusimulia. Yeye alicheka, kama kawaida yake, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kimepungua pamoja na mashavu.

Njaa haikuwa ya tumbo. Tumbo lilijaa. Ni mdomo uliokuwa na njaa, na pua, na vidole vilivyoshinda kutwa kwenye siagi na sukari. Alianza kuota vyakula. Asubuhi moja alijikuta ameshika ganda la mkate mdomoni bila kujua limefikaje huko, akalitema kwenye kiganja na kulitazama kama jino lililong'oka.

Kazi ya krimu haifanyiki bila kuonja. Bonge akawa anaonja na kutema kwenye beseni. Mwenye bekari, mama mmoja anayevaa miwani kwenye kamba, alimkuta akifanya hivyo mbele ya mteja.

"Unatema keki yangu?"

"Sitaki kumeza, mama. Nimekueleza habari za mdogo wangu."

"Umenieleza, na nikakuonea huruma. Lakini mteja ameona nini? Ameona mpishi wangu anatema ninachomuuzia." Alishusha sauti. "Na juzi krimu ilikuwa na chumvi. Unajua nilimwambia nini yule mzee? Nilimwambia ni mtindo mpya. Nenda nyuma ukaoshe trei mpaka akili irudi."

Bonge aliosha trei. Wasichana aliowafundisha yeye mwenyewe kukamua maua ya krimu walipita wakimpa trei chafu bila kumtazama usoni. Siku hizo akisimama ghafla alikuwa anaona giza, anashika ukuta, anangoja lipite, anaendelea.

Nyumbani alimwambia mumewe kwamba amepumzishwa kupamba kwa kuwa kazi ni chache. Fundi aliitikia kwa kichwa. Walipolala, mkono wake ulimpapasa mgongoni, ukasita kwenye mifupa.

"Nakutafuta nakukosa," alisema.

"Nipo hapa."

"Najua upo. Nakutafuta tu."

*

Jumapili moja mchana Bonge alitoka kupeleka keki kwa mteja wa jirani. Fundi alikuwa uani, amelala chali chini ya jokofu. Kipa alikuwa nyuma ya pazia lake. Kesho yake ndiyo ilikuwa zamu ya mashine, na siku kama hizo, zilizo mbali na mara ya mwisho ya mashine, mwili wake huwa umebeba takataka zote za chakula na maji. Sufuria ya viazi ilikuwa jikoni, kifuniko kimekaa upande.

Bonge aliporudi aliita kutoka mlangoni. Hakuitikiwa. Alimkuta Kipa amekaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye gunia, sufuria katikati ya mapaja. Kopo la chumvi lilikuwa limelala pembeni. Kinywani bado alikuwa na kitu anachotafuna polepole.

"Dada," alisema, na ulimi ulikuwa mzito. "Miguu imekataa."

"Umekula vingapi?"

"Midomo nayo siisikii."

Bonge alipiga ukelele ambao majirani waliusimulia baadaye. Fundi alikuja mbio, mikono imejaa grisi. Walimbeba, mmoja mabegani na mwingine magotini, wakamlaza nyuma ya gari kati ya kamba na majokofu. Bonge alikaa naye huko nyuma, kichwa cha mdogo wake mapajani. Alibandika kiganja kifuani pake. Moyo ulikuwa unapiga, unasahau, unapiga tena.

Hospitalini muuguzi wa zamu aliuliza maswali huku anakimbia pembeni ya kitanda.

"Amekula nini?"

"Viazi."

"Nani amempa viazi mtu wa mashine?"

Bonge alifungua mdomo. "Ni vyangu," akasema. "Ni chakula changu."

Mlango ukafungwa mbele yake.

Alikaa kwenye benchi la korido. Fundi alikwenda kunawa grisi, akarudi, akakaa karibu naye. Bonge alifikiri juu ya gunia lile jikoni. Ni yeye aliyelileta. Ni yeye aliyemwekea mgonjwa kiti mlangoni anuse, wakageuza mateso yake kuwa mchezo wa jioni. Kwa haraka yake ya kumwokoa alikuwa amemtegea kifo hatua chache kutoka kitandani pake.

Daktari alitoka mashine ikiwa imeshafanya kazi yake. Alieleza kwamba moyo umetulia. Kisha alimtazama Bonge, akamshika mkono, akaugeuza, akautazama ukucha, akamvuta chini kope za macho.

"Na wewe unakula nini?"

Alimweleza. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungepungua kilo zote, tungekupima, tungekuta damu imekwisha mwilini, tungekurudisha nyumbani. Nilikwambia umuone nani?"

"Mlango ulikuwa umefungwa."

"Ukafungwa, wewe ukafungua wa kwako." Alipumua. "Nitakupeleka mwenyewe."

*

Kipa alilala kwenye kitanda cha chuma, mirija mikononi, uso umepata rangi kidogo. Bonge alivuta kiti.

"Ulitaka kufa?"

"Nilitaka kiazi."

Walitazamana.

"Kimoja tu," Kipa alisema. "Nilijiambia nakula kimoja, nafunika sufuria. Halafu nikaona chumvi. Nikaweka chumvi, dada. Wewe umesahau chumvi ikoje kwenye kiazi. Kufika cha tatu nilikuwa nalia kwa utamu. Naapa. Nimekaa chini nalia kama mtoto, natafuna."

Bonge alianza kucheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine. Alifunika uso kwa kanga. Kipa alimwacha alie.

"Ningekuua," Bonge alisema mwishowe.

"Ungeniua nimeshiba."

"Navitupa vyote leo."

"Vitupe." Kipa aligeuza uso ukutani, na sauti ikabadilika. "Lakini usiache kupungua."

Bonge aliinua kichwa.

"Unajua watu wanatakiwa waseme nini? Wanatakiwa waseme, dada yangu usijitese, dada yangu Mungu atajalia. Mimi nimejaribu kusema. Kila jioni nakaa mlangoni pale najiandaa kusema, nashindwa. Ninaitaka hiyo figo. Nikikuona gauni linakuvuka, nafurahi. Naona haya, lakini nafurahi. Mimi sina miaka mingi, dada. Nataka kuoa. Nataka kwenda mahali bila kuuliza kama kuna mashine."

Bonge alinyoosha mkono, akaurudisha vizuri mto chini ya kichwa chake.

"Ungesema zamani," alimwambia. "Mimi nilidhani naitaka peke yangu."

*

Mtaalamu wa lishe alikuwa kijana mwenye ndevu chache na sauti ya kugombana. Alimgombeza Bonge kwa ajili ya viazi, akamgombeza kwa kutokwenda kwa miguu, akamgombeza hata fundi kwa kula amesimama. Kisha akawapangia chakula. Kilikuwa kidogo, na kulikuwa na samaki ndani yake, na maharage, na mboga, na mkate kipande kimoja ambacho Bonge alikila kwa muda mrefu sana, akilamba vidole. Kipa alikuwa na chake, kilichopikwa kando. Wote watatu wakaketi kwenye meza moja. Fundi alirudi kutoka uani na sahani yake, akaonekana kama mtu aliyesamehewa.

Sasa kilo zilitoka kwa shida. Wiki nyingine hazikutoka kabisa, na Bonge alishuka kwenye mizani ameuma midomo. Alikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mwenye bekari alimrudisha kwenye krimu, akisema wasichana wanakamua maua yanayofanana na kabichi. Kipa aliugua mara mbili katika kipindi hicho, na mara zote mbili Bonge alitamani kurudi kwenye gunia, avimeze viazi na maganda yake, aumalize mwaka kwa siku moja. Alijizuia. Mpaka asubuhi moja muuguzi alisoma mizani ya kawaida, ile ya koridoni, akaandika, na kumwambia aende moja kwa moja kwa daktari.

Walipasuliwa siku moja, vyumba viwili vinavyopakana. Bonge alipozinduka, ubavu ukiwa unamwaka moto, neno la kwanza lilikuwa jina la mdogo wake. Muuguzi alimwambia kwamba figo imeanza kufanya kazi kabla hata hawajamaliza kumshona Kipa, na kwamba mgonjwa amemwomba kila mtu aliyepita aje autazame mfuko wa mkojo.

*

Watu husema mengi kuhusu siku ya kupona. Hawasemi kuhusu siku zinazofuata. Kipa alinenepa. Akaanza kutoka asubuhi na kurudi jioni, kwanza mpaka kona, kisha mpaka uwanjani. Madaktari walimkataza kuruka na kugongana, basi akawa anasimama nyuma ya goli na kuwafokea makipa wadogo. Habari zake zikafika mbali. Siku moja akaja na barua ya timu ya mji mwingine. Walikuwa wanatafuta mtu wa kufundisha makipa wao.

"Nani atakukumbusha dawa?" Bonge aliuliza.

"Nitajikumbusha."

"Na kliniki?"

"Hospitali iko karibu na uwanja. Nimeshaulizia."

"Chakula je?"

"Dada." Alimshika mabega. "Ulinipa ya nini basi?"

Bonge alimfungia sanduku, akalifungua, akalifunga tena. Alikuwa ameomba apone, usiku na mchana, na hakuwahi kufikiri kwamba akipona ataondoka. Miaka yote ile nyumba iligeukia pazia lile la sebuleni kama mmea unavyogeukia dirisha: nani amnunulie dawa, nani ampimie maji, amelala, ameamka, ametapika. Fundi alilitoa pazia baada ya kumsindikiza. Sebule ikawa kubwa kuliko walivyoikumbuka.

Mwanzoni Kipa alipiga simu kila jioni. Kisha mara moja baada ya siku kadhaa. Bonge hakulalamika, alijifunza tu kutokaa mbali na simu. Jumamosi moja alikuwa anamalizia keki ya mtoto aliyetimiza mwaka, amebakiza ukingo, simu ikalia.

"Dada! Hujambo? Shemeji?"

"Hatujambo. Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa." Nyuma yake kulikuwa na vicheko, sauti za sahani, na sauti ya mwanamke ikimwita kwa jina lake halisi, lile ambalo nyumbani hakuna aliyelitumia. "Nakuja!" Kipa alimjibu yule. "Dada, chakula kimeshapakuliwa, wananisubiri mimi. Nitakupigia baadaye, sawa?"

"Sawa. Kula vizuri."

Simu ilikatika. Bonge aliendelea kuishikilia sikioni, akisikiliza ukimya. Mkono wake mwingine ulikwenda wenyewe ubavuni, pale kwenye kovu, ukatulia.

Fundi alichungulia kutoka uani. "Ni yeye? Anasemaje?"

"Yuko na watu," alisema Bonge. "Wanakula."

Akaiweka simu chini, akachukua mfuko wa krimu, akaendelea na ukingo pale alipokuwa ameishia.